Sentensi Tisa za Paredi

Sijamsamehe mwalimu wetu wa Kiingereza na sina mpango huo. Lakini aliyeharibu sikio la rafiki yangu si yeye, ni mimi.

Tulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana mjini Mpanda, miaka ya tisini. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi tisa za kusema mbele za watu, akakataza zisifutwe. Ya kwanza ilikuwa ya kusalimia, ya pili ya kutaja mada, na kuendelea mpaka ya nane, ya kukaribisha maswali, na ya tisa, ya kumshukuru aliyeuliza. Hesabu na historia tulisomea kwenye nusu ya ubao iliyobaki.

Kila Ijumaa kundi moja la watu wanne lilisimama paredi, mmoja akazungumza kwa Kiingereza, na mwalimu akahesabu sentensi zake kwa vidole. Kila iliyosahaulika ilikuwa fimbo moja ya kiganjani kwa kila mtu wa kundi. Kundi lenyewe ndilo lililokata fimbo porini, mbichi, na aliyeleta nyembamba alionjeshwa hiyo kabla ya kurudishwa kutafuta nyingine. Wazazi walimpenda mwalimu huyo. Baba yangu, mrina asali wa Inyonga, alisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nasi tulikuwa na desturi yetu, ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha. Kundi likichapwa, msemaji alipelekwa nyuma ya jiko baada ya chakula cha mchana, na wenzake walimrudishia fimbo zote walizokula kwa ajili yake. Sikuwahi kusikia mtu akikataa.

Rafiki yangu alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa Ilembo. Bwenini yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini yake. Kichwa chake kilishika kila kitu, kwa hiyo mimi ndiye niliyewashawishi wenzetu wawili tumweke kuwa msemaji. Mada yetu ilikuwa ufugaji. Alhamisi alinisomea sentensi zote tisa bila kukwama, nikalala vizuri.

Ijumaa alisalimia, akataja mada, halafu akaanza kusimulia siku ng'ombe wa baba yake aliposhindwa kuzaa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, ila alituonyesha jinsi alivyoingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatafuta mguu wa ndama, akaugeuza, akavuta. Mpishi asiyejua neno la Kiingereza alitoka na mwiko wake kuja kutazama. Ndama alipotoka watu walipiga makofi, na pale shuleni sikuwa nimewahi kusikia makofi ya kweli. Nilitazama vidole vya mwalimu. Vilivyonyooka vilikuwa vinne tu.

Tulikula fimbo tano tano. Ya nne ilinipasua kiganja.

Nyuma ya jiko wenzetu wawili walimchapa haraka haraka, kama watu wanaomaliza zamu ya usafi. Kisha wakanipa fimbo.

"Nisamehe dada," aliniambia. "Nilisahau. Nilikuwa namuona yule ng'ombe kabisa."

Angelia ningemchapa tano zangu tukaenda zetu. Lakini usoni alikuwa bado na kitabasamu cha yale makofi. Nilimwonea wivu, sababu ni hiyo, sina nyingine. Nilitupa fimbo nikamzaba kofi la sikio kwa nguvu zangu zote, akaanguka, nikamfuata palepale chini nikampiga la pili. Walinivuta wakati nanyanyua mkono kwa la tatu. Damu ilimtoka sikioni, na kwa kuwa kiganja changu nacho kilivuja, kwa dakika chache niliweza kujiambia ni yangu.

Kwa matroni alisema ameteleza bombani. Matroni akaweka pamba. Kufikia Jumatatu sikio lilitoa usaha, na ukimwita upande wa kushoto hakugeuka. Alipanda kitandani wiki nzima bila kunisemesha. Nilitaka kumwomba radhi, ila mwalimu alikuwa ameamuru kundi letu lirudie, msemaji ni mimi, na nilikuwa nakariri.

Ijumaa nilisema sentensi zote. Kuhusu ufugaji sikumbuki nilisema nini, nadhani hakuna. Nilifika ya nane, "Are there any questions?" Hakuna aliyewahi kuuliza swali pale, ya tisa tulikuwa tukiisema hewani tu. Safari hii mkono ulinyooshwa nyuma yangu, katika kundi langu mwenyewe.

"Dada, mimi nina swali," alisema kwa Kiswahili, na Kiswahili paredi kilikuwa fimbo kumi. "Hili sikio ulilonipiga, litapona?"

Watu wote walinitazama. Mwalimu alikuwa amenyoosha vidole vinane, anangoja.

"Thank you for that good question," nilisema.

Kidole cha tisa kikanyooka. Mwalimu akanipongeza, kisha akamwita rafiki yangu mbele na kuchukua fimbo niliyoikata mimi asubuhi ile. Rafiki yangu alinyoosha mikono, akageuza kichwa mpaka sikio lake zima, la kulia, likanielekea, akakaa hivyo. Nilikuwa na muda wa fimbo kumi wa kumjibu, na mwalimu wetu hakuwa mtu wa kuharakisha. Sikumjibu.