Mpishi na Ng'ombe wa Mahari

Mpishi wa shule ya misheni pale Ushirombo alikuwa na mikono iliyobabuka kwa mvuke, naye alimwita kila mtoto "mwanangu" huku akimjazia sahani. Siku ya kufunga shule, Paskazia wa darasa la sita alipewa wali wake lakini hakuondoka.

"Mayu, mama yangu, mimi sirudi tena. Baba ameshapokea ng'ombe wa mahari."

Mpishi alivua aproni, akajitwisha sanduku la binti, wakaenda pamoja hadi kwa baba yake, Mzee Bujiku. Akaamkia, akaketi uani. Alipoletewa maji, aliyakataa.

"Nitakunywa ng'ombe wakirudi kwao, baba."

Bujiku alinuna, akaingia kulala. Alfajiri Paskazia alimkuta mpishi palepale, midomo imemkauka, na baba yake akiwatoa ng'ombe wa mahari zizini awarudishe kwao.