Kinyozi wa Kosele anayepima nusu fainali kwa shingo za wateja

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Jumanne, kichwa cha Monari kimenyolewa upande mmoja tu. Upande wa pili nywele zimesimama kama majani ya kando ya barabara. Kinyozi Barnabas Okumbo ameinua mashine juu, mkono wa kushoto umebaki kwenye utosi wa mteja, macho yako kwenye runinga iliyofungwa ukutani kwa waya.

"Omera, ndugu yangu, utanimaliza leo?" Monari anauliza.

"Kona hiyo. Tulia kwanza."

Kona inapigwa. Kipa anaudaka mpira, na watu kumi na mmoja waliobanana kwenye benchi la mbao wanashusha pumzi kwa pamoja. Kabla mashine haijarudi kichwani, Barnabas anachomoa kalamu nyuma ya sikio na kuchora kijistari kwenye daftari lililo wazi kando ya chupa ya spiriti.

Ni kijistari cha ishirini na tatu tangu kipindi cha pili kianze. Kila kimoja kina maana moja: kinyozi ameinua mashine kwa sababu ya mpira.

Hapa ni soko la Kosele, kaunti ya Homa Bay. Kibanda cha Barnabas ni cha mabati, kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa na runinga ya inchi thelathini na mbili. Kunyoa ni shilingi sabini. Siku ya kawaida hunyoa vichwa kumi na vinne. Siku ya nusu fainali havifiki sita, ingawa kibanda kimejaa.

"Watu hudhani mpira unaniletea wateja," asema Barnabas, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa. "Mpira unaniletea watu. Wateja ni kitu kingine."

Daftari lake lilianza kwa kosa. Miaka minne iliyopita, katika nusu fainali ya mashindano kama haya, Monari huyu huyu alikaa kwenye kiti hiki siku mbili kabla ya harusi yake. Mpigaji alikuwa anarudi nyuma kupiga penalti. Barnabas hakuinua mashine. Monari aliruka, na mashine ikachimba njia pana kutoka sikioni hadi utosini.

Dawa ilikuwa moja tu, kunyoa chote. Katika picha za harusi bwana arusi anang'aa kuliko sufuria mpya.

"Mama mkwe aliuliza kama nimefiwa," Monari anasema, na benchi lote linacheka.

Barnabas hakucheka siku ile. Alirudisha pesa, akafunga kibanda mapema, na swali moja likamkaa kichwani. "Nilitaka kujua kosa ni langu au ni la mpira. Kama mtu huruka hivyo kila mechi, basi mimi ni mzembe. Lakini kama nusu fainali ina kuruka kwake, hilo ni jambo la kujifunza."

Akaanza kuhesabu.

Haya sasa ni mashindano yake ya tatu, na takwimu zake ziko wazi. Katika mechi za makundi huinua mashine mara tisa kwa mechi, na kichwa kimoja humchukua dakika kumi na tano. Robo fainali ni mara kumi na tisa. Nusu fainali ni mara thelathini na nne, na kichwa kimoja kimewahi kumchukua dakika arobaini na moja. Mabao, kwa hesabu yake, hupungua kadiri mashindano yanavyosonga mbele.

"Hebu ona," asema, kidole kikipita juu ya vijistari. "Mabao yanapungua, vichwa vinaruka zaidi. Kwenye makundi mtu huruka bao likiingia. Kwenye nusu fainali anaruka refa akijikuna tu."

Lakini ugunduzi anaouonea fahari haumo katika kuruka. Umo shingoni. Mkono wake wa kushoto, unaoshika kichwa kisiyumbe, umemfundisha kwamba kabla ya penalti shingo hukauka. Jambo la ajabu ni kwamba haikauki kila mara. Timu pinzani ikipiga, shingo ya shabiki hubaki laini. Timu yake ikipiga, inakuwa ngumu kama mwiko.

"Mimi nilidhani ingekuwa kinyume," asema. "Kumbe mtu hamwogopi adui hivyo. Anamwogopea wake."

Beverly Akeyo, msusi wa kibanda cha pili, ameyasikia haya mara nyingi kuliko angependa. "Wanaume wengine huandika madeni, wengine huandika nyimbo," asema kutoka mlangoni, chanuo mkononi. "Jirani yangu anaandika shingo. Yawa, jamani, hata kanisani anamtazama pasta kisogo."

Ili kulinganisha mechi na mechi, Barnabas alihitaji kichwa kimoja kisichobadilika. Alikipata kwa Elkana Ndege, mfugaji wa umri wa miaka sitini na mitatu, aliyekuja kila Jumanne kutengenezwa ndevu. Elkana alikubali kukaa kitini kuanzia robo fainali, awe na nywele au asiwe nazo. Wakati mwingine mashine ilipita juu ya kipara kitupu, imezimwa, ili tu mkono uwepo.

Elkana naye alikuwa na utaratibu wake. Kila mashindano yakikaribia, alichagua nchi yenye watu wachache kuliko zote, akaishangilia hadi itoke. Kwa kawaida ilitoka mapema. Safari hii alichagua timu ya jezi nyeupe, na akamwambia mkewe, Phanice, kwamba hawa wangefika mbali.

Hakuwaona wakifika. Alifariki wiki ya mechi za makundi, kwa ugonjwa wa moyo.

Hapo ndipo daftari la Barnabas liliposimama pabaya. Fainali ni safu ambayo hajawahi kuijaza. Mashindano ya kwanza stima ilipotea dakika ya kumi. Ya pili alijisahau, akatazama mpira kama mtu yeyote, na akagundua kombe likiinuliwa kwamba hakuwa amechora hata kijistari kimoja. Fainali ya tatu ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja jioni, na kichwa alichokizoea hakikuwepo tena.

Alimpanga Monari akalie kiti. Akanunua balbu na betri ya akiba. Kisha Jumatano, baada ya mazishi ya Elkana, Phanice akamwita kando.

"Barnabas, wewe ndiye uliyekuwa ukimshika kichwa," alimwambia. "Njoo utunyoe."

Katika desturi ya Waluo, familia hunyolewa siku chache baada ya maziko. Huitwa liedo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wazee wa ukoo, na familia nyingi za Kikristo sasa zimeiacha au hukata nywele kidogo tu. Kwa kina Elkana bado wanaifuata, siku ya nne kwa mwanamume, alfajiri. Siku ya nne ilikuwa Jumapili.

Barnabas alikubali bila wasiwasi. Alfajiri na saa kumi na moja jioni haziko karibu.

Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa bomani kwa kina Elkana, karai la maji limewekwa, nyembe mpya saba zimepangwa juu ya kitambaa, mmoja kwa kila kichwa. Vichwa vilikuwa sita.

Aliyekosekana alikuwa Stanley, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye duka huko Suna, Migori. Baada ya maziko alikuwa amerudi huko kwa muda mfupi kulifungua. Gari alilopanda kurudi Kosele lilikuwa limeharibika Rongo. Na katika liedo mdogo hatangulii. Mpaka kaka mkubwa akae kwanza, hakuna wembe unaogusa nywele.

Saa tatu ya asubuhi ikapita. Saa sita. Saa tisa. Sammy, mdogo wa marehemu, alipiga simu hadi salio likaisha.

"Anasema wamepata spana," aliripoti.

"Asubuhi alisema hivyo hivyo," Barnabas akajibu.

Angeweza kuondoka. Wembe ni wembe, na palikuwa na wazee wenye mikono. Beverly alimpigia saa kumi kumwambia Monari amekwisha kukalia kiti na anakula karanga. Barnabas alitazama njia, akatazama karai, akamwagiza Beverly awaache watu wa benchi watazame, lakini kiti kisikaliwe na mtu. "Mwambie Monari ashuke. Siji."

Anasema hakuwa na hasira. "Nilijuta tu kama mtu aliyekosa treni mara tatu kwenye kituo kile kile."

Stanley alifika saa kumi na moja na dakika kumi, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuomba chai. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia. Wakati huo, nyuma ya ua, redio ya jirani ilikuwa tayari inatangaza kipindi cha kwanza.

"Nani huyo anatuletea mpira kwenye matanga?" Stanley aliuliza.

"Mwache, shemeji," Phanice akasema. "Ndugu yako alisema weupe watafika. Nataka kusikia."

Basi Barnabas akanyoa huku fainali ikipita juu ya ua. Stanley kwanza, kisha Sammy, kisha watoto wanne kwa umri wao, wa mwisho akiwa binti, Terry. Mkono wa kushoto ulifanya kazi yake kwa mazoea, na ulichokuta kilimshangaza. Kona, faulo, mpira uliogonga mwamba, hakuna shingo iliyotikisika. Vichwa sita, mara sifuri. Ilikuwa kama kunyoa watu waliolala.

Mechi ikaenda muda wa nyongeza. Ikaenda penalti. Phanice, ambaye alikuwa ameomba kuwa wa mwisho, akakaa kwenye kigoda.

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa chake wakati mtangazaji aliposema kwamba weupe wakikosa hii, wamepoteza. Barnabas akainua wembe. Hakufikiri, mkono uliinuka wenyewe.

"Mbona umesimama?" Phanice akauliza.

"Ni penalti, Mama Terry. Huwa nasimama."

"Ya nani?"

"Ya weupe. Wale wa Elkana."

Phanice ni mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kutazama mechi hata moja hadi mwisho. Lakini chini ya kiganja cha kinyozi shingo yake ilikaza, polepole, kutoka mabegani hadi kisogoni, ikawa ngumu kuliko yoyote aliyowahi kuishika.

Redio ikapiga kelele. Kipa alikuwa ameupangua.

Shingo ikalegea. Machozi yake yakatiririka pamoja na maji ya karai, na Barnabas akangoja.

"Lakini walifika," Phanice akasema hatimaye. "Sivyo? Walifika."

"Walifika, mama."

"Haya. Malizia."

Safu ya fainali sasa imejazwa. Imeandikwa: vichwa saba, kuinua mara moja. Barnabas anajua kwamba takwimu hiyo haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote kwenye daftari, na mwalimu wa hesabu aliyeiona alimshauri aifute. Hajaifuta.

Siku mbili baadaye yuko kibandani, hakuna mechi, mashine inapita bila kusimama. Tayari ana mpango wa mashindano yajayo. Anataka kuweka akiba anunue kiti cha pili, lakini kiti si cha mteja.

"Nimeshika shingo za watu miaka minne," asema. "Yangu hakuna aliyewahi kuishika. Jumapili pale nilipoinua wembe, sijui mwili wangu ulikuwa unafanya nini. Nataka Beverly aninyoe nusu fainali nzima, na aandike."

Beverly, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, anasimama.

"Yako haihitaji daftari," asema. "Ni ya kuku." Kisha anaiweka ndoo chini, anajifuta mkono kwenye leso, na kuuweka juu ya kisogo cha kinyozi kuona kama kitaenea kiganjani.