Mdai Aliye Tumboni

Dirisha namba mbili la masijala ya mahakama siku hizi liko kimya. Kwa miaka ishirini na sita karani wake aligonga muhuri kwa kishindo mpaka mawakili wakamwita Nyundo. Fomu yenye pengo hata moja aliirudisha, uwe nani.

Ijumaa ile wakili kijana alimletea shauri la kupinga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Siku ya mwisho ya kupinga ilikuwa hiyohiyo, na dirisha lilifungwa saa tisa na nusu. Mdai: watoto watakaozaliwa. Umri: patupu.

"Hawa wana miaka mingapi, baba?"

"Hawajazaliwa, mama. Moshi ni wa leo, lakini joto na mafuriko ni yao."

"Basi waje wakishazaliwa. Na waje na vidole, hapa tunachukua alama ya dole gumba."

Foleni nzima ikacheka. Wakili akaondoka na faili lake, ramani moja ikabaki kaunta.

Nyundo aliichukua aikunje, akaitazama kwanza. Rangi ya buluu, maji ya mafuriko ya miaka arobaini ijayo, ilikuwa imemeza shule, soko na mitaa ya nyuma ya soko. Akafuata barabara kwa ukucha hadi kiwanja chake. Buluu. Akaanza upya kutoka mwanzo wa barabara. Buluu tena. Pale alikuwa na vyumba viwili, na kimoja binti yake, mjamzito wa miezi saba, alikuwa anakipaka rangi wiki hiyo.

"We Nyundo, umeona jini?" akauliza karani wa dirisha la tatu.

Nyundo akatazama saa ya ukutani. Kanuni alizijua kwa moyo: asiyeweza kusaini husainiwa na mlezi. Aliijua na ile nyingine, kwamba mtumishi wa mahakama hafungui shauri katika mahakama yake. Akampigia wakili simu.

"Rudi mwanangu, mbio!"

Saa tisa na dakika ishirini wakili alikuwa amerudi na faili, na Nyundo akaandika kwenye fomu: mdai, mjukuu wangu, umri, miezi saba tumboni. Akasaini kama mlezi, akaisukuma dirisha la tatu.

"Gonga wewe. La kwangu siwezi kugonga."

"Mama, watakufukuza!" wakili akasema.

"Gonga, shoga yangu, saa inakwenda."

Muhuri ukagongwa. Jumatatu akakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

Mdai sasa ana meno mawili. Shauri bado halijapangiwa jaji, na Nyundo anauza madaftari katika duka la dada yake.