Mgomba Tuliouzika Sydenham

Juzi nilipita Sydenham, nikasimama mbele ya nyumba tuliyopanga tulipokuwa wakimbizi wageni wa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Ua wote sasa umemwagwa zege. Kijana aliyekuwa akiosha gari akaniuliza namtafuta nani. Ningemwambia nini, ndugu yangu? Nilijibu nimepotea njia, nikaondoka haraka kabla machozi hayajaniaibisha.

Siku zile ua ule ulinukia sombe. Bibi alitwanga majani ya muhogo kila Jumamosi, kinu kikidunda mpaka mwenye nyumba, mama wa Kihindi asiyejua kununa, anatoka na bakuli lake kusubiri. Mimi nilichambua majani na kukaripiwa. Bibi alikuwa mkali, lakini akimtaja mjomba, kitinda mimba wake, sauti ililainika. Mjomba hakuwa nasi. Tulipokimbia vita kule Kongo yeye alibaki, akavaa magwanda hata ndevu za maana hajaota. Bibi alimtengea sahani kila tulipokula, maana atafika na njaa.

Jumamosi moja akaja kijana aliyepigana pamoja na mjomba, ambaye sasa alikuwa kinyozi mjini. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda kupigania kisiwa, mjomba akapigwa risasi akishuka majini. Waliosalia walikimbia. Maiti zilibaki ufukweni, na hakuna aliyerudi kuzichukua. Mama alipiga yowe. Bibi aliendelea kutwanga.

Kwetu, maiti isipopatikana, huzikwa mgomba mahali pake, ili matanga yaanze na yaishe, watu wanyolewe, maisha yaendelee. Mwenye nyumba alikuwa na migomba nyuma ya ua, akatupa mmoja bila maswali mengi. Baba, mtoto wa mjini aliyeshinda kiwandani Mobeni, hakujua kwamba hukatwa shina tupu. Aliung'oa na mizizi yake, tukauviringisha shuka, tukauzika huku wanawake wa kanisani wakiimba. Sote tulinyolewa, hata mimi. Bibi pekee alikataa; alikuwa amejifungia chumbani tangu asubuhi.

"Nilizala mutoto," alisema nyuma ya mlango. "Sikuzala mugomba."

Angetoka, angeiona ile mizizi na kumzuia baba. Mvua na joto la Durban vikafanya kazi yake. Asubuhi moja tukasikia vigelegele uani. Chipukizi la kijani lilikuwa limepasua kaburi, na bibi amepiga magoti mbele yake.

"Iko muzima! Mutoto yangu iko muzima!"

Baba akachukua panga. Bibi akajilaza juu ya udongo. Basi, nani angekata?

Hakuna mwaka niliouchukia kama ule. Bibi alishinda uani akiusimulia mgomba habari za nyumbani, sahani ya chakula kando yake. Nywele zake zilimea timtimu. Mama alilia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike. Na mimi, nakwambia kweli, niliamini. Kabla ya kwenda shule niliupitia nikasema, "Jambo, mjomba."

Kisha ukazaa. Mkungu ukatokeza, ndizi zikajipanga, nasi tukaogopa furaha ya bibi itatufikisha wapi. Alisimama chini ya mkungu ule kwa muda mrefu, mkono kiunoni, akiutazama.

"Huyu anazala," alisema taratibu. "Mutoto yangu hakuzalaka. Haiko yeye."

Akaketi chini, akavua kitambaa cha kichwa. "Muninyoe."

Mama alimnyoa palepale. Nywele nyeupe zilianguka mabegani, na ndipo bibi alipolia. Mwenye nyumba alitoka mbio, akakaa naye chini. Kilio kile sijakisikia tena popote, na naomba nisikisikie.

Bibi hayupo. Baba hayupo. Mama amesahau mengi, na siku nyingine ananiuliza mimi ni nani. Kisiwa alikoanguka mjomba sikijui hata jina. Ninachojua ni kwamba alivunjika jino la mbele, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Nikifa mimi, hatakuwepo duniani mtu anayejua kwamba aliwahi kucheka.