Mgeni Aliyekataa Sato

Harufu ya sato anayechemka na nyanya hunirudisha Bweri, kwa mama mkubwa, nikiwa darasa la tatu. Jamani, yule mama alijua kupika! Na kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Ananawa, anakula, maneno baadaye.

Mama mkubwa alimlea Nyabise, rika langu, binti wa marehemu mjomba wetu. Kumlea nasema kwa mdomo tu. Alimchapa kwa waya, akamlaza jikoni bila shuka. Majirani walisikia vilio. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza, akakaribishwa, akala mpaka jasho likamtoka, akaondoka akisifia mchuzi.

Kisha mwalimu wetu akatoa taarifa ustawi wa jamii. Mchana mmoja akashuka kwenye bodaboda dada mwembamba wa ofisi hiyo, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi ndiye niliyeshika jagi la kumnawisha.

“Karibu mwanangu, nawa kwanza,” mama mkubwa alisema.

“Asante mama. Naomba nizungumze na Nyabise kwanza, sisi wawili.”

“Weee! Chakula hakikataliwagi hapa.”

“Sijakikataa, mama. Mtoto kwanza.”

Nilibaki na jagi langu nikisubiri paa lianguke. Dada aliangalia sinia la sato, akameza mate, nilimwona kabisa. Halafu akaenda nyuma ya nyumba alikokuwa Nyabise, akakaa chini kwenye mchanga na sketi yake ya ofisini, macho yake usawa mmoja na ya Nyabise. Sijawahi kuona mtu mzima akikaa hivyo kumsikiliza mtoto. Walikaa sana. Mwisho Nyabise akapandisha blauzi, akamwonyesha mgongo.

Dada akapiga simu. Akaja askari mwanamke wa dawati la watoto, wakampeleka Nyabise hospitali, kisha kwa shangazi yake mwingine, Butiama, alikokulia salama. Mama mkubwa alilia barabarani: “Kanidharau! Hata maji hakunywa!” Nasi tukaitikia kwamba dada wa watu hana adabu, ingawa moyoni nilimwogopa na kumpenda kama malaika.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Aliyeshiba kwako anaona haya kukuuliza neno, na mama mkubwa alilijua hilo vizuri. Yule dada naye alilijua, maana ni wa huku huku. Akavumilia njaa yake. Siku ile, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, Nyabise alisikilizwa kabla mtu hajashiba.