Siku Baba Alipomwita Maganga Bwana

Harufu ya kutu iliyomwagiwa mafuta ya taa naichukia mpaka leo. Juzi mjukuu wangu kainua gari lake hapo nje, kavua tairi, kamimina mafuta ya taa kwenye nati zilizogoma, na mimi nikafunga dirisha kwa kishindo. "Bibi, kulikoni?" akauliza. Nikamwambia ashike kazi yake. Hasira ile haikuwa yake masikini, ilikuwa ya miaka ya hamsini, ya Kariakoo, ya nyumba yetu ya vyumba sita iliyoezekwa madebe.

Baba yangu alikuwa Mzaramo. Alikuwa na pikapu kubwa, chuma kitupu, ya kuleta nazi na mihogo sokoni kutoka mashamba ya Kisarawe. Chumba cha mbele alipanga Maganga, Mnyamwezi, fundi magari, mgane mwenye binti mmoja aitwaye Tatu. Huyo Tatu ndiye aliyekuwa shoga yangu. Tulisukana, tulilala mkeka mmoja, tuligombana kutwa mara tano, na mtu angeniambia nichague kati yake na ndugu zangu wa tumbo moja, mama asingelipenda jibu langu.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hilo mnalijua. Asubuhi Maganga hajapiga hata mswaki, anagonga dirisha la baba: "We mtumwa wangu, bado umelala? Wazaramo kazi mtaiweza wapi, zaidi ya ngoma?" Baba anajibu huko huko kitandani: "Nyamaza, mbeba mizigo! Babu yako alifika pwani na pembe ya ndovu begani, akaonja bahari, akauliza nani kazidisha chumvi!" Basi wanacheka mpaka wanakohoa, kisha wanagawana muhogo wa kuchoma. Mimi, sijui nilijiona nani, matusi yale yalikuwa yananitia haya. Mwalimu wa chuo cha Kurani alitufundisha kuchunga ulimi, nami nilikuwa namwomba Mungu kimyakimya awape wazee wale adabu.

Mungu akanisikia, loo!

Bibi yangu, mama yake baba, alifariki mwaka ule. Kwa desturi yetu mtani ndiye wa kuwachekesha wafiwa, na Maganga hakufanya uvivu. Alijifunga kanga ya marehemu, akashika bakora yake, akapita katikati ya waombolezaji akiwafokea kwa sauti ile ile ya bibi: "Wali huu mmeupika kwa nazi au kwa maji ya kisima?" Watu waliokuwa wakilia walicheka. Hata mama alicheka huku machozi yanamtoka. Ndipo Maganga akaongeza kikohozi. Kile kikohozi cha siku za mwisho, kirefu, chenye kukwaruza, ambacho baba alikuwa amekisikiliza usiku kucha kwa wiki mbili. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanaume. Nilimwona ameinamisha kichwa, hakucheka. Mtani hakasirikiwi, anayemkasirikia mtani wake matangani anajiaibisha mwenyewe.

Tangu siku ile dirisha likigongwa asubuhi, baba alikuwa akijibu, "Salama, Bwana Maganga. Umeamkaje?"

Nikafurahi! Nikadhani msiba umemtia baba hekima.

Arobaini ilipopita, pikapu ilikuwa haipandiki. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, zinavuja mafuta, na gari likipita kwenye shimo lilidunda mara nne kabla ya kutulia, nazi zinaruka nje. Kazi ya kuzibadilisha Maganga alikuwa ameshaiahidi kabla ya msiba, na mwanamume ni kauli. Basi Jumapili asubuhi akatoka na spana zake, akaziweka mchangani mbele ya nyumba, akajitia uchangamfu.

"We mtumwa, leta jeki! Au unaogopa kuchafua msuli?"

"Hii hapa, bwana," baba akasema. "Samahani kwa kukusumbua siku ya mapumziko."

Maganga akamtazama. Akacheka peke yake, kicheko kifupi kilichokosa mwenzake, kisha akaweka ubao chini ya jeki isizame mchangani, akazuia matairi ya mbele kwa mawe, akainua. Nati za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu. Zilikuwa zimelowekwa mafuta ya taa tangu jana yake na bado hazikubali, ikabidi azikate kwa tindo. Alipiga nyundo zaidi ya ilivyohitajika. Mtaa mzima ulikuwa umetulia, maana siku nyingine baba na Maganga wakishika gari majirani walikuwa wanatoka na vigoda kuja kusikiliza. Leo walitoka, wakasikiliza kidogo, wakarudi ndani na vigoda vyao.

Shokapu mpya ikatolewa. Maganga akaisimamisha wima, akaivuta na kuikandamiza mara kadhaa, mpaka ikawa nzito sawasawa juu hadi chini. "Hewa hiyo inatoka," akasema. Akajaribu tena, karibu kwa kubembeleza: "Umeona, Mzaramo? Nayo ni kama wewe, haifanyi kazi mpaka ikandamizwe kwanza."

"Nashukuru kwa kunielimisha, bwana," baba akasema, akampa mpira wa kuvisha kwenye bolti bila kumtazama usoni. Nakwambieni, nimewaona watu wakipigana kwa visu sokoni, lakini sijaona ugomvi mbaya kama ule, na mimi nilikuwa pale natabasamu!

Mama akanituma nimpelekee Maganga chai. Baba alikuwa ameingia uani kunawa, Maganga amekaa chini akiegemea tairi. Alishika kikombe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Zuhura, baba yako ananisemaje siku hizi?"

Nilikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimelitunza. "Baba ametukataza kukutania," nikasema. "Amesema wewe ni mpangaji wetu, mtu wa heshima, tukuamkie kwa adabu." Nikapiga na goti, "Shikamoo, Bwana Maganga."

Alikiweka kikombe mchangani, kimejaa vile vile. Akateremsha jeki, akaingia chini ya gari kukaza nati kwa mara ya mwisho, kwa sababu shokapu hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na hata siku ile hakutaka kufanya kazi mbovu. Alipotoka, baba alikuwa amerudi.

"Gari lako tayari, bwana," Maganga akasema. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Ahsante, bwana. Karibu chakula."

"Nimeshiba."

Wiki haikuisha, rikwama likaja kuchukua kitanda na masanduku. Wanahamia Buguruni. Nilimkimbilia Tatu, nikamshika mkono, akautoa. "Baba kasema mmetufukuza," akasema.

"Nani kawafukuza? Mimi nilimsifu!"

"Unamsifu mtani wako?" Tatu akanitazama kwa dharau ya mtu mzima. "Mpumbavu we." Akafuata rikwama, hakugeuka, nami sikumwona tena.

Pikapu ikawa inateleza barabarani, nazi hata moja haidondoki. Mimi nilikuwa nalipiga teke gari lile nikipita.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshazika wangu, nilipoelewa kwamba kikohozi kile kilimkata baba moyo na hakuwa na ruhusa ya kusema. Angesema ameumia, angechekwa; basi akachagua adabu, ambayo mtani hana namna ya kuijibu. Hilo namsamehe kwa shida. Nisilomsamehe ni kuwa adabu ile alitupa sisi watoto tuibebe. Maganga alikuwa bado anauliza. Mtu aliyekwisha kata tamaa hamuulizi mtoto ananisemaje. Ningemwambia tu, "Baba anasema wewe Mnyamwezi ni mjinga, kunywa chai upesi kabla hajaimwaga," angecheka, angemfuata baba uani na spana mkononi, na Tatu angebaki kulala nami mkeka mmoja.