Mfumo Mpya wa Mkwe

Nilipaswa kumkatalia mkwe wangu. Alikuja kwetu Kibondo mwaka 2013 akiwa na diski mkononi. "Baba, nimewaletea mfumo mpya wa kompyuta. Huu wenu umezeeka." Kwetu Buha, zawadi ya mkwe huikatai mbele ya binti yako. Nikasema, "Ahsante, mwanangu, weka."

Nami nilijua hatari yake. Mke wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa amepofushwa na presha ya macho, na alikuwa akiandika kumbukumbu za kufundisha kwake Heru Juu. Vidole vyake vilikariri vitufe tangu akiona, na kila mstari aliouandika kompyuta ilimsomea kwa Kiswahili. Programu hiyo ya kusoma iliundwa na mwalimu mmoja kijana, humohumo ndani ya mashine yetu. "Inasoma kama mtu mwenye mafua," mke wangu alikuwa akicheka, "lakini hainikatizi kama wewe." Kijana yule alipoaga kwenda kusoma ng'ambo aliniambia: mkitaka kubadilisha mfumo, nitafuteni kwanza.

Onyo hilo sikumpa mkwe. Alipomaliza tukawasha. Maandishi yote yapo, picha zipo, sauti hakuna. Akaiondoa ile programu ili airudishe upya, kama alivyozoea kufanya na za dukani. Kumbe hii haikuwa na pa kuitoa tena.

Nikapanda basi na kompyuta hadi kwa fundi wa Kasulu.

"Mzee, programu nyingi huvuka salama kwenda mfumo mpya," alisema. "Hii iliegemea vitu vya mfumo wa zamani, na vimebadilishwa. Ilitakiwa iundwe upya."

"Basi iunde, mwanangu."

"Kwa lipi? Nipe zile amri za kompyuta alizoziandika aliyeiunda. Hata nikikurudishia mfumo wa zamani, programu mmeshaifuta."

"Nyingine hakuna?"

"Ninayo moja. Inasoma Kiingereza tu."

Tuliijaribu nyumbani. Iliyatafuna maneno ya mke wangu hadi akaniomba nizime. Namba ya yule kijana haikupatikana tena.

Nikajitolea kumwandikia. Yeye aseme, mimi niandike, kisha nimsomee.

"Sikusema niliwapenda wanafunzi wale," alinisimamisha siku moja. "Nilisema niliwaogopa."

"Hivi inapendeza zaidi."

"Inampendeza nani, mzee?"

Sikufuta. Nilikuwa na haraka ya kwenda kupalilia maharage. Baada ya hapo alisema sentensi chache tu kila tulipokaa, halafu akaacha. "Pumzika," aliniambia. "Hayo ni yako sasa."

Alifariki mwaka 2015. Sikutaka mkwe aaibike, basi. Kwa ajili ya hilo nilimnyima mke wangu kazi yake ya mwisho, na nusu ya maisha yake ambayo hakuiandika, mimi niliyeishi naye siijui.